Mstari Ulioshuka Jumapili

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kuendesha pampu ya Mradi wa Maji wa Enkare hapa Kisaju, Mzee Hillary Parmuat anastaafu tarehe 29 Agosti.

Alitujia kutoka machimbo ya mawe ya Kitengela, kijana mwenye maswali mengi kuliko wakaguzi. Alikabidhiwa spana mbili na daftari la vipimo. Safu za tarakimu zilimchosha macho, basi akanunua karatasi ya grafu. Chini aliandika saa, pembeni kina cha maji kwenye tangi. Kila alipopima aliweka nukta, kisha akaziunganisha kwa mstari. Mstari ukipanda, pampu inajaza. Ukishuka, watu wanateka. Ukilala, maji yametulia. Ukiporomoka ghafla, ujue ng'ombe wa jirani yetu Katoo wamefika kunywa.

Tulimcheka hadi Februari ya 2017.

Mwezi huo tangi lilikuwa likiisha kabla ya adhuhuri, na kamati ikamshuku Nalotuesha, mama aliyehudumia kioski cha maji. Ilisemekana anawajazia jamaa zake mitungi kwa siri. Alikana, akalia, halafu akaacha kusalimia watu. Mwenyekiti wetu, Bwana Kiama, aliitisha mkutano wa kumfuta kazi. Mimi ninayeandika haya, katibu wa kamati, nilikuwa nimeshachapa barua.

Mzee Parmuat aliomba siku moja tu. "Sijui nani anachukua maji," alituambia. "Nataka kwanza kujua yanapungua saa ngapi."

Jumapili, pampu ikiwa imezimwa, kioski kimefungwa na Nalotuesha yuko kanisani pamoja nasi, Parmuat alipanda ngazi ya tangi kila saa, asubuhi hadi jioni. Mstari wa siku hiyo ulipaswa kulala. Badala yake ulishuka polepole, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Alitueleza kwamba mtu anayeteka hupumzika, na mstari wake ungetulia mahali fulani. Huu haukutulia hata mara moja.

Jumatatu tulichimba tukifuata bomba linalotoka kwenye tangi. Linapopita chini ya barabara ya malori ya mawe lilikuwa limepasuka, na maji yalizama kwenye nyufa za mwamba bila kulowesha ardhi ya juu.

Bwana Kiama alienda kwa Nalotuesha kuomba radhi, nami nikamfuata nyuma kwa aibu. Mama huyo alitukaribisha chai, kisha akasema, "Nionyesheni hiyo karatasi."

Parmuat alimfundisha kuisoma, kisha kuichora. Wawili hao wakaanza kuweka mvua na kina cha kisima kwenye karatasi moja, mistari miwili. Ule wa kisima hupanda miezi miwili baada ya ule wa mvua. Kwa nini miwili, Mzee bado anauliza.

Ashe oleng, asante sana, Mzee Parmuat. Tunakuombea afya, mifugo iliyonona na nafasi ya kuchunguza maswali yote uliyobaki nayo. Kuanzia Jumatatu, pampu itaendeshwa na Nalotuesha.