Jino la Skrubu la Mwalimu Dunstan

Mwaka wa themanini na nne sukari ilikuwa adimu Nachingwea, lakini kahawa chungu haikukatika kwenye benchi la fundi wa baiskeli Fransisko, ambaye kijiwe kizima kilimwita Spoku. Jumamosi hiyo asubuhi alikuwa akinyoosha rimu. Sultani Redio na mzee Kipriani Bulldoza, aliyewahi kuendesha trekta za mpango wa karanga enzi za Mwingereza, walikuwa wakibishana juu ya ufuta. Mara akatokea Dunstan, mwalimu wa useremala, kaziba mdomo kwa leso. Alipoikunjua wakaona jino la mbele, zima, jeupe, na skrubu ndogo kama ya saa.

— Mtume! Redio akaruka. Mwalimu, wewe mtu au cherehani?

— Limelegea tangu wiki jana. Leo limeondoka na muhogo.

Ndipo alipowaeleza siri ya miaka miwili. Alipokwenda Uswidi masomoni alianguka na baiskeli kwenye barafu, jino likang'oka. Wakampandikiza mzizi wa chuma ndani ya taya, wakasubiri mfupa uushike, kisha juu yake wakafunga jino la bandia kwa skrubu.

— Daktari wa hapa hajawahi kuona kitu hiki. Jumatatu anataka kung'oa vyote, mpaka mzizi. Na kesho nakwenda Mandawa, kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu Magreti!

— Ni jua, Redio akakata shauri. Chuma cha baridi, kimeletwa Nachingwea, lazima kitanuke.

— Jua gani? Bulldoza akamkatiza. Ni maneno! Waswidi wanaongea taratibu. Sisi siku nzima ng'ombe, ng'ambo, ng'ong'o. Taya linatikisika kama trekta. Ndiyo maana wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinaingiaje hapo, mzee? Redio akarudi. Mimi nasema linanasa mawimbi. Mwalimu, usiku husikii stesheni ya Msumbiji?

Spoku hakucheka. Aliitazama ile skrubu. Akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, akamwambia mwalimu apanue mdomo, akaugusa ule mzizi. Haukutikisika hata kidogo.

— Huu umeshika kama kisiki cha mkorosho! Kinachocheza ni kofia yake tu.

Akalipaka jino masizi kidogo kwa chini, akaliketisha juu ya mzizi, akaliinua. Masizi yalikuwa yamefutika upande mmoja tu.

— Mwalimu, kipimo cha jino hili walikichukuaje?

— Walifunga kipini kwenye mzizi, wakaning'atisha kisinia cha dawa laini kama ugali. Ilipokauka wakaitoa, kipini kikabaki mdomoni. Wakakifungua, wakakirudisha kwa mkono kwenye shimo kililoacha ndani ya ile dawa.

— Kwa mkono!

— Msaidizi alishauri watumie kisinia chenye tundu juu. Unafungua kipini kupitia tundu kwanza, kinatoka pamoja na dawa, kimeshikwa palepale. Daktari wake akasema muda hakuna, ndege yangu ni wiki hiyohiyo.

Spoku akapiga paja, kahawa ya Redio ikamwagika.

— Basi kilirudi kimeinama unywele mmoja! Jino likachongwa kwa kipimo kilichopinda. Halikai sawa, kwa hiyo skrubu ndiyo inayolivuta, na kila ukitafuna inalegea. Nati ikilegea yenyewe, usilaumu nati, tazama inapokalia. Mzizi wako ni mzima, Mwalimu. Jumatatu usikubali wauguse! Waandikie Waswidi, wakufanyie kipimo upya, na safari hii kwa tundu.

Dunstan akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Macho yalimlowa.

— Nikazie basi, fundi. Kwa kesho tu.

Spoku alikuwa na bisibisi ya saa. Aliichukua, akairudisha.

— Siwezi, ndugu yangu. Skrubu ikikatikia mle ndani, mzizi wenyewe nitakuwa nimeuua mimi.

— Afunge mdomo tu huko ukweni! Redio akadakia.

— Abandike nta! Asali na nta! Kimya kingi kina mshindo! Bulldoza akapaza sauti.

Wakati huo Swaumu, muuza vitenge, alikuwa kasimama na baiskeli yenye pancha, kayasikia yote.

— Samahani, kaka zangu. Magreti mwenyewe anajua?

Mwalimu akalitazama jino.

Dunstan akalifunga kwenye leso, akapanda baiskeli yake, akaondoka bila kuaga.

Spoku aliziba pancha ya Swaumu vibaya, mara mbili, macho yake yakiwa barabarani. Karibu na saa sita akawaona. Magreti alikuwa kakaa kwenye keria, kamkumbatia mwalimu kiunoni, anamwambia jambo begani. Na Dunstan alikuwa anacheka kinywa wazi, pengo lote nje, mtaa mzima ukimwona.