Maji ya Jana Humwagwa: Maisha ya Marehemu Wilibrodi Mwanakulya

Baba Padri, wazee wetu, majirani wa Kasense na Pito, nanyi mliopanda milima kutoka ziwani kuja kutufuta machozi: kabla udongo haujamfunika mzee huyu, tunaomba mumsikie kwa mara ya mwisho. Yatakayosomwa hapa yamesimuliwa na mjane wake, Albina, naye amemkabidhi Nestory, mpwa wa marehemu, ayasome. Alitoa sharti moja tu, kwamba habari ya Zita isirukwe.

Mzee Wilibrodi alizaliwa tarehe 9 Machi 1953 hapa hapa Kasense, mtoto wa pili wa Mzee Tadei Mwanakulya na Mama Fransiska. Wazazi wake walilima mahindi na ulezi, na utoto wake ulikuwa kama wa watoto wengine wa Ufipa: kufukuza ndege shambani, kuota moto asubuhi za Juni, na kuchapwa kwa kuchelewa misa. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu alizaliwa na kinyaa chake. Uji uliolala hakuugusa, hata njaa ikimuuma vipi, na kaka yake alimshukuru Mungu kwa kinyaa hicho maana alikula sehemu mbili.

Alianza shule ya msingi mwaka 1962, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne, kisha akajiunga na mafunzo ya uuguzi mkoani Mbeya kuanzia 1973 hadi 1975. Huko wodini alimuuguza mama mmoja aliyekuwa amechomwa sindano kijijini kwao. Dawa ilikuwa nzuri. Maji yaliyotumika kuichanganya ndiyo yalikuwa ya chupa iliyofunguliwa siku zilizopita na kuwekwa tu rafuni. Paja la yule mama lilitunga usaha hadi likapasuliwa, na aliondoka hospitali akichechemea. Marehemu alimkumbuka maisha yake yote, ingawa jina lake alikuwa amelisahau.

Januari 1976 alipangiwa kazi katika zahanati ndogo ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wa Kabwe. Kule joto halina huruma, na enzi hizo masika yakianza barabara ilikuwa imekatika. Dawa zililetwa kwa boti kabla ya mvua, na kilicholetwa kilipaswa kutosha mpaka mvua ziishe. Dawa nyingi za sindano zilikuwa za unga, haziendi popote bila maji safi ya kuchanganyia, yale yanayokuja kwenye chupa zenye vifuniko vya mpira. Kwa hiyo Wilibrodi aliyatunza maji hayo kama mkulima anavyotunza mbegu. Stoo ilikuwa na paa la bati, akaomba wanakijiji wamwezekee nyasi juu yake. Akachonga rafu mwenyewe, mbali na ukuta na mbali na mafuta ya taa. Yaliyotangulia kuja yalikaa mbele, ya karibuni nyuma. Kila Jumatatu alitoa chupa moja moja, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha na kuitazama kama ina ukungu, kisha akabonyeza kifuniko kwa kidole gumba. Yenye shaka yalimwagwa. Na chupa ikishafunguliwa, kilichobaki hakikusubiri kesho.

Watu wa mwambao hawakukawia kumpa jina. Walimwita Bwana Mwaga. Walimtania kwamba Mungu amempa ziwa zima mlangoni, na bado yeye anagombana na kichupa. Yeye alicheka nao na kuendelea kumwaga.

Jumamosi ya tarehe 14 Oktoba 1978 alifunga ndoa takatifu na Albina, binti wa Mama Josefina wa Pito. Mama mkwe huyo, ambaye naye ametangulia, alikuwa na mdomo mtamu. Siku moja alimkuta mkwewe akikagua mtungi wa maji pale nyumbani, akamuuliza, "Baba, hata maji ya baraka niliyoyaweka tangu Pasaka ya mwaka jana utayamwaga?"

"Hapana, mama," alijibu kwa heshima zote. "Hayo hayapigwi sindano."

Mwaka 1980 walimpata mtoto wao wa kwanza, Zita. Kuanzia siku hiyo, kama ilivyo desturi, waliitana Baba Zita na Mama Zita.

Februari 1983 Zita alishikwa na homa ya mapafu. Dawa ya kunywa aliitapika yote, ikabaki sindano. Unga wa sindano ulikuwepo. Lakini boti la mwisho lilikuwa limepigwa na mawimbi, katoni za maji zikalowa na vifuniko vikalegea, na Wilibrodi alikuwa amezimwaga nyingi. Chupa ya mwisho iliyokuwa nzima aliifungua jana yake kumchanganyia dawa mvuvi mmoja. Nusu ilikuwa imebaki, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakuwa ameimwaga, kwa kuwa hakukuwa na nyingine.

Asubuhi ile alimtuma Alphonce, mwendesha boti, akimbilie Kirando kuomba maji. Albina alikuwa ameketi kwenye benchi la zahanati, mtoto mapajani.

"Baba Zita," alimwambia, "maji si yale pale?"

"Yamefunguliwa jana, Mama Zita. Na joto hili. Sijui ndani yake sasa kuna nini."

"Wewe hujui. Mimi najua. Mwanangu anakufa."

Wilibrodi aliichukua ile chupa. Albina alidhani amekubali, akaanza kumfunua mtoto paja. Lakini mumewe alipita mbele yake, akasimama kizingitini, akaimwaga yote nje. Miaka mingi baadaye alimweleza dada yake kwamba aliogopa mkono wake mwenyewe. Alijua akiisikia tena pumzi ya yule mtoto, angechanganya.

Zita alifariki adhuhuri. Alphonce alirudi na maji jua likiwa limeshainama. Marehemu aliyapokea, akayapanga rafuni, na siku zilizofuata watoto wa wenzake walitibiwa kwa maji yale na kupona.

Kama maji ya jana yangemwokoa Zita au yangemuua mapema zaidi, hakuna ajuaye. Daktari mmoja aliyeulizwa baadaye alisema huenda, na huenda sivyo. Albina hakutaka huenda. Baada ya matanga alirudi kwao Pito, akakaa huko zaidi ya mwaka. Alirejea kwa mumewe mwaka 1985 marehemu alipohamishiwa Sumbawanga, wakajaliwa watoto wengine watatu. Alimpikia, alimuuguza, alikaa naye benchi moja kanisani. Waliokuja na kuona ndoa ile walisema ni ndoa ya mfano, na hawakukosea. Ila stoo ya dawa ya mumewe hakuikanyaga tena, na jina la Bwana Mwaga halikutajwa mbele yake. Tangu alipozaliwa Evaristi, mumewe alikuwa Baba Evaristi. Lile jina la kwanza alilifungia ndani, na marehemu hakuwahi kulidai.

Alistaafu mwaka 2013, akarudi Kasense kwenye mahindi na ulezi wake. Wauguzi vijana waliomfuata kuomba ushauri wa kutunza maji ya sindano aliwaambia kwamba baridi ya Ufipa imewadekeza, maana maji hayo hayataki jua wala hayataki barafu, na hapa Mungu amewapimia ubaridi mwenyewe. Kisha aliwauliza ya jana wameyafanyaje.

Novemba 2024 alipata kiharusi kilichomnyang'anya kauli na upande wa kulia. Baada ya Krismasi mapafu yalijaa, na familia ikaruhusiwa kumtibia nyumbani. Muuguzi Asnath, binti wa jirani, alikuja asubuhi na jioni kumchoma sindano. Siku moja mvua ilikuwa kubwa, njia ya mjini imejaa tope, na kichupa cha maji kilikuwa cha mwisho. Asnath alitumia nusu, akafunika kilichobaki kwa pamba na kukiweka dirishani. "Hiki tutamalizia jioni, bibi," alisema kwa nia njema kabisa, akaaga.

Albina alirudi kumfunika mgonjwa shuka. Akaona macho ya mumewe hayamtazami yeye. Yalikuwa dirishani. Mkono wa kushoto, ule mzima, ulikuwa umenyooshwa kuelekea kichupa.

Albina alikifuata kichupa dirishani. Anasema alimwona Zita mapajani mwake, uzito uleule. Anasema pia kwamba kwa miaka yote ile alikuwa akiamini mumewe aliweza kumwaga kwa sababu yale maji yalikuwa ya mtoto, na kwamba siku yakiwa ya kumtibu yeye mwenyewe angeyatumia hata ya wiki iliyopita. Sasa yalikuwa yake. Akakichukua kichupa, akaenda kizingitini, akakimwaga kwenye mvua. Evaristi alipanda bodaboda kwenye tope lile kwenda kutafuta kingine.

Kisha akarudi kitandani, akainama sikioni kwa mgonjwa. "Nimemwaga, Baba Zita."

Machozi yalimtoka mzee. Mkono ule wa kushoto ulimshika mkewe, na haukumwachia hadi Evaristi alipoingia amelowa, kichupa mfukoni. Sindano ya jioni ilichomwa kwa maji mapya. Zilifuata siku chache za nafuu, na katika siku hizo Albina alimwita kwa jina hilo kila alipopata sababu, na mara nyingine bila sababu. Mzee Wilibrodi aliaga dunia asubuhi ya Ijumaa, tarehe 10 Januari 2025, akiwa na umri wa miaka 71, baada ya kupokea mpako wa wagonjwa.

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake na binti yake Zita. Ameacha watoto watatu, Evaristi, Lydia na Modesti, wajukuu saba, na mjane, ambaye kwenye ratiba mliyoishika mkononi ameandikwa Albina. Mwenyewe ameomba kwamba kuanzia leo, mkimsalimu, mmwite Mama Zita.

Baba Zita, kazi umeimaliza. Pumzika kwa amani.