Mtungi wa Kumshukuria Pazi

Tangu reli ya Wadachi ifike Morogoro, benchi la Kibwana muuza kahawa, nje ya stesheni, halikukosa wajuaji. Siku hiyo walikuwa wakimngoja Pazi ateremke kutoka hospitali ya misheni kule mlimani, alikopelekwa kuachishwa pombe. Mikidadi, kaka yake, ndiye aliyempeleka, na leo alikuwa akigeuka kila mara kutazama njia ya mlimani kwa wasiwasi.

— Wanamkamua pombe mwilini, alisema Severini, waliyemwita Bwana Reli kwa kuwa aliwahi kubeba mataruma ya kulazia vyuma vya reli. Halafu wanawauzia askari.

— Acha uzushi! alidakia Dominiko, kwa jina la utani Baragumu. Wanachemsha damu yake. Unadhani ule moshi wa garimoshi ni wa kuni tupu?

— Nilikuwepo, alisema Mikidadi. Alitetemeka, akapiga kelele kwamba siafu wanatoka ukutani. Daktari hakubanduka. Akampa dawa, sista akamlisha uji kwa kijiko. Basi.

— Basi tu? aliuliza Baragumu. Mdachi huyu huyu wa viboko?

— Alisema wao wametoa sumu tu. Kuacha pombe kwenyewe kunaanzia nyumbani, kwetu sisi.

— Kwetu hakuna neno, alisema Bwana Reli. Shukrani ya mizimu si hiyo hapo?

Akaonyesha mtungi wa pombe ya mtama, umefunikwa jani la mgomba. Mikidadi mwenyewe ndiye aliyeuagiza. Desturi ya Waluguru anaijua: aliyepona hunywa wa kwanza, ndipo ukoo nao unywe. Vichwa vyote vile, na hakuna hata kimoja kilichoona kasoro!

— Na akikataa? aliuliza Kibwana.

— Akatae mizimu? Baragumu alicheka. Ugonjwa utamrudia kesho!

Pazi akatokea. Alikuwa amekonda, shati la misheni linampwaya, lakini mikono yake ilikuwa imetulia. Mikidadi alikuwa hajaiona imetulia hivyo tangu mdogo wake aanze kibarua cha reli.

— Shikamoo, kaka.

— Marahaba, mdogo wangu. Karibu nyumbani.

Harufu ikamfikia Pazi. Akameza mate.

— Kaka, mtungi huu wa nani?

Bwana Reli aliinamia kikombe. Baragumu, mwenye jibu la kila kitu, aligeuka kutazama reli. Mikidadi aliona aibu mpaka machozi yakamlengalenga.

Pazi akauliza tena, na safari hii mikono ilikuwa imeanza kutetemeka.