Emalin na Nyaya za Mafundo (1948–2025)

Marehemu Emalin Warnakulasuriya alizaliwa tarehe 14 Agosti 1948, hapa Lunuwila, mtoto wa mwisho wa mzee Marsalin na mama Engaltina. Watoto walikuwa watatu, wote wasichana. Mimi ni mumewe, Juwanis. Sikusoma. Haya nimeyasema, binti yetu Shiromi ameyaandika. Marehemu aliomba jambo moja tu: siku ya kuzikwa, gari letu, Morisi, litangulie mbele ya jeneza, taa kubwa zikiwaka mchana kweupe. Nitafika hapo.

Alisoma kwa masista hadi darasa la tano. Mwaka 1959 baba yake, aliyekuwa fundi umeme wa magari, alivunjika mkono. Emalin akatolewa shule amshikie waya. Hakuuachia tena. Alikuwa na kitaa chake cha kupimia: balbu ndogo, nyaya mbili, na sindano ya gunia kwenye ncha moja. Wanaume walileta magari wakauliza fundi yuko wapi. Akawajibu, "Ndiye huyu mwenye gauni. Fungua boneti."

Tulifunga ndoa tarehe 6 Februari 1971. Kazi yangu ilikuwa kubeba maharusi kwa Morisi Maina ya mwaka 1957, niliyoachiwa na baba yangu. Nyaya zake zilikuwa za rangi mbalimbali, lakini joto na vumbi vilizigeuza zote kahawia. Emalin akazifunga uzi mwekundu wa cherehani. Fundo moja, umeme unaingia kwenye swichi ya taa. Mawili, taa ndogo. Matatu, taa kubwa. Manne, waya unaokazwa kwenye chuma cha bodi ya gari kule mbele, ili umeme urudi kwenye betri. "Hii ndiyo shule yako," aliniambia.

Kwaresima haina harusi. Kwa hiyo kila Kwaresima nilipaka gari rangi. Jumatatu ya Pasaka mwaka 1979 nilikuwa na bibi harusi wa kumchukua jioni, na taa hazikuwaka. Nikafungua swichi yote, skrubu mapajani. Emalin akatoka jikoni, mikono imejaa nazi.

"Baba Shiromi, swichi imekukosea nini?"

"Taa haziwaki. Si ndiyo inayowasha?"

"Kwa hiyo ukiumwa mguu unajipaka dawa puani?"

Akachomeka sindano penye mafundo matatu. Kitaa kikawaka. "Swichi inatoa. Umeme unakwenda, ila hauna pa kurudia. Njia yake umeipaka rangi." Akakwangua chini ya ule waya wa mafundo manne hadi chuma kikaonekana, akakaza skrubu. Taa zikawaka. Nikataka kusema kitu. "Nenda," akasema. "Bibi harusi kwanza, aibu yako baadaye."

Alianza kuugua sukari mwaka 2011. Mwaka 2017 macho yaliondoka. Watu waliendelea kuleta magari, naye akahesabu mafundo kwa vidole. Mwaka jana figo zikaharibika. Tulikwenda hospitali na kurudi, kwenda na kurudi. Mwezi wa kwanza akasema basi. Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa kumi jioni. Nilikuwa nimemshika mkono.

Jana asubuhi niliwasha taa za Morisi. Hazikuwaka. Mkwe wangu Priyantha akaja, kijana mwema.

"Baba, iache hiyo. Nitaleta gari la rafiki yangu. Jipya. Taa zinajiwasha zenyewe."

"Mama yako hakuomba gari jipya."

"Swichi imekufa, Baba. Ina miaka karibu sabini."

"Mimi nina sabini na tisa. Nimekufa?"

Lakini nami niliifungua swichi. Nilikaa ndani ya gari, skrubu mapajani. Nikachukua kitaa chake. Fundo moja, kikawaka. Mafundo matatu, kikawaka. Swichi ilikuwa inatoa.

Kisha nikaenda mbele, nikapapasa kama alivyopapasa yeye, hadi vidole vikapata mafundo manne. Juu ya skrubu kulikuwa na rangi nyeupe. Ni mimi niliyeipaka, wiki iliyopita, siku moja baada ya Jumatano ya Majivu. Sina harusi ya kubeba. Nilipaka kwa mazoea, yeye amelala ndani, mgonjwa. Miaka arobaini na sita, kosa lile lile, na safari hii hapakuwa na wa kunisema.

Nilikwangua kwa kisu chake cha nazi. Taa zimewaka. Ya kulia ni hafifu kidogo. Yeye angejua sababu. Mtaiona leo tukitoka kanisani. Nitaendesha polepole, na msinipigie honi.

Marehemu ameacha mume, binti yake Shiromi, mkwe wake Priyantha, wajukuu wawili, na dada yake Roslin. Ameacha pia kitaa cha kupimia. Kitabaki kwenye gari.

Emalin alichoka. Mungu ampumzishe.