Noelene Faye Strudwick, Mchaguzi wa Mimea ya Vyura (1964–2025)

Jumapili tarehe 9 Oktoba 1988, saa nne asubuhi, Kelvin Strudwick alimkuta mwanamke asiyemjua amesimama ndani ya mtaro wa shamba la baba yake huko Pyree, kusini mwa Sydney. Maji yalimfika mapajani, na alikuwa ameweka yai la kuku juu ya jani. Ng'ombe wa maziwa walijipanga ukingoni wakimtazama. Kelvin naye akasimama akatazama, maana hakuwa mtu wa kuanza maneno.

"Usisimame kama mlingoti, kaka," mwanamke alisema. "Nishikie ndoo."

"Huo mtaro ni wetu."

"Najua. Nimemwomba ruhusa mzee wako. Akaniambia nisiogope, mwanawe hang'ati."

Yai lilikuwa la kuchemsha, tena dogo, lenye uzito wa chura mzima wa kijani mwenye mistari ya dhahabu. Chura huyo huishi nusu majini na nusu nchi kavu, na hupenda kuota jua mchana kweupe. Jani likihimili yai, litamhimili chura. Likilala, liachwe. Baada ya kujaribu majani kumi na matatu, mwanamke alimenya yai lake akalila palepale ndani ya mtaro.

Huyo ndiye Noelene Faye tunayemzika leo, Ijumaa tarehe 14 Machi 2025. Wiki mbili zilizopita alikuwa juu ya ngazi anasafisha mifereji ya bati. Wengi tuliokaa hapa bado tunageuka kumtafuta.

Alizaliwa Gunnedah tarehe 14 Agosti 1964, binti wa pili wa Bwana Alwyn Pascoe, fundi wa pampu za visima, na mkewe Una. Mji ule ulikuwa na vumbi zaidi ya maji, na vyura walihamia chooni mwa watu. Dada yake, Lorelle, alikuwa akipiga kelele. Noelene alikuwa akiwahesabu.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari hukohuko Gunnedah hadi mwaka 1980. Baadaye alijifunza kazi ya bustani katika chuo cha ufundi Wollongong, akapata cheti Desemba 1984. Aliajiriwa kwenye kitalu cha miche Bomaderry kwa miaka minane. Mwaka 1993 alianzisha kitalu chake nyuma ya nyumba, akauza mimea hai ya makasha ya kioo ya vyura, yale ambayo nusu yake ni udongo na nusu ni maji. Wafugaji wenye vibali walimfuata kutoka Sydney hadi Bega.

Kumuuzia mtu mmea lilikuwa jambo la pili. La kwanza lilikuwa kumkatalia. Mama mmoja wa Wollongong alisimama kaunta akitaka mmea wenye maua mekundu.

"Kwani chura wako ana arusi?" Noelene alimuuliza.

"Nataka kasha lipendeze, dada."

"Litapendeza akiwa hai. Chukua ndago, uipande penye ukingo wa maji. Mizizi itakula uchafu wake, naye atapata pa kushikilia akitoka kuogelea. Ndani ya maji weka majani laini, mayai yapate pa kunata. Majimbi usiweke, utomvu wake unawasha. Na usiende kung'oa kitu kijitoni, utamletea ugonjwa wa wenzake wa porini."

Mama yule aliondoka bila ua hata moja. Mwezi uliofuata alirudi na shoga zake wawili.

Kulikuwa na sheria moja ambayo Noelene hakumlegezea mtu. Mmea wowote uliotoka dukani ulioshwa mizizi mpaka udongo wote uishe, kwa kuwa miche ya duka hupuliziwa dawa ya wadudu na kutiwa punje za mbolea. Kisha ulikaa kwenye ndoo majuma sita pamoja na konokono, maji yakibadilishwa kila Jumatatu. Konokono wakifa, hesabu ya majuma ilianza upya.

Kelvin alimchumbia kwa miezi kumi na saba, maana maneno yalikuwa hayamtoki. Siku moja alijikaza akampelekea mmea mzuri wa kuelea, wenye maua ya zambarau, aliouokota kwenye bwawa la jirani. Ulikuwa magugu-maji, mmea uliopigwa marufuku na serikali.

"Kel," alisema Noelene, "wenzako huleta waridi. Wewe umeniletea kesi."

Waliyachoma magugu yale pamoja, wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Machi 1990. Walijaliwa watoto wawili, Tamsin na Rhys.

Katika maisha yao liko jambo moja ambalo Kelvin amesisitiza lisomwe. Tarehe 17 Machi 1996, walipotimiza miaka sita ya ndoa, Noelene alikuwa Gunnedah kumwuguza mama yake. Kelvin alitaka kumfurahisha. Alinunua mche wa kupendeza dukani akaupanda moja kwa moja kwenye kasha kubwa. Kufikia Jumanne vyura watano walikuwa wamekufa, miguu imenyooka.

Noelene aliporudi hakumpigia kelele. Aliwazika wote watano chini ya mti wa mlimau. Siku ya nne alimwekea mkate na chai, akasema, "Ulitaka kunifurahisha. Basi, yamepita. Kuanzia leo utaosha mizizi."

Akaosha kwa miaka ishirini na tisa. Hakuna mmea uliotoka pale bila kupita mikononi mwake kwenye bomba la nje. Lakini kuchagua hakuthubutu tena. Kila mara aliinua mche mmoja kila mkono, akauliza, "Huu au huu?" Na Noelene akajibu, kila mara.

Kwa desturi hapa husomwa habari za ugonjwa. Hakuugua. Hakulalamika hata kichwa.

Alhamisi tarehe 6 Machi 2025 walikuwa wakiandaa kasha la vyura wawili wa Bi. Thelma Oakes wa Kiama, mjane wa miaka themanini na minane aliyewalea kwa miaka kumi. Bi. Thelma alikuwa anahamia nyumba ya kutunzia wazee, na vyura walipaswa kuletwa Jumamosi. Ulibaki mmea mmoja tu wa kupanda ukingoni mwa maji. Kelvin alikuwa bombani na miche miwili, kangaga na ndago, yote imemaliza majuma sita kwenye ndoo. Aliuliza swali lake la siku zote. Noelene alimjibu, akaingia ndani kuweka chai.

Jibu halikumtosha Kelvin. Baada ya dakika kumi hivi alimfuata na miche yake, mizizi ikichuruzika maji sakafuni. Alimkuta amelala kando ya meza. Kikombe kilikuwa bado kinatoa mvuke. Hospitalini walisema ni mshipa wa damu uliopasuka kichwani, na kwamba hata angekuwa mlangoni kwao wasingeweza kitu. Saa tano na dakika ishirini asubuhi alitangazwa kuwa amefariki, akiwa na umri wa miaka sitini.

Lorelle alipopigiwa simu alicheka kwanza. "Acha utani wako, Kel. Jana tu alikuwa anaitukana keki yangu."

Watoto walitaka safari ya vyura iahirishwe. "Baba, nani atachagua?" Rhys aliuliza. Lakini nyumba ya Bi. Thelma ilikuwa inakabidhiwa Jumamosi hiyohiyo, na vyura hawakuwa na kwingine. Kelvin alikumbuka wale watano, akaketi bombani na miche ileile hadi mikono ikafa ganzi. Konokono walikuwa wazima. Kangaga ndiyo iliyokuwa nzuri zaidi. Akaitanua mizizi yake uzi kwa uzi, na katikati kabisa, palipofungana kama ngumi, akaona punje mbili za manjano za mbolea ya duka, hazijayeyuka. Akaitupa. Akapanda ndago.

Vyura waliletwa Jumamosi. Leo asubuhi, kabla hatujaja hapa, wote wawili walikuwa hai, wanakula.

Marehemu ameacha mume, Kelvin. Watoto, Tamsin na Rhys. Mjukuu mmoja, Elodie. Dada yake, Lorelle. Na wafugaji wengi aliowakatalia maua mekundu. Mungu ampumzishe mahali penye maji tulivu, na sisi tuliobaki atupe kuamini yaliyotokea.

Kelvin ameomba jibu alilopewa pale bombani lisomwe mwisho, kama lilivyotamkwa, kwa sababu ndilo la mwisho aliloambiwa. Alikuwa ameinua miche miwili na kuuliza, "Huu au huu?" Noelene hakugeuka hata kutazama.

"Aa, Kel, mpaka lini? Macho unayo. Chagua."