Wafanyakazi Wenzake Jerusa Kaindi

Marehemu Jerusa Kaindi Mulinge alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Mbooni, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Ndambuki Muange na marehemu Kavenya. Mwaka 1967 wazazi wake walihamia hapa Kikoneni, walikopata shamba. Jerusa alifika amebeba kuku wawili na msumeno wa baba yake. Kuku walikufa kabla ya mvua. Msumeno upo mpaka leo.

Kabla ya kuendelea, familia inaomba jambo moja lieleweke. Kamati ya mazishi ilipokutana, ilitaka kuifuta sehemu ya salamu za wafanyakazi wenzake. Mwenyekiti wetu, Mzee Munee, aliuliza kwa upole, "Wafanyakazi gani hao? Mama huyu hakuwa na kazi maalumu. Alikuwa akishikashika tu." Familia ilikataa. Sehemu hiyo imechapwa kwenye ratiba mliyo nayo mkononi, na haya yafuatayo ndiyo sababu.

Marehemu alisoma hapa Kikoneni hadi darasa la saba, mwaka 1973. Alifaulu mtihani, lakini nafasi ya sekondari aliwekewa mdogo wake wa kiume, na yeye mwaka 1975 akapelekwa Ukunda kujifunza ushonaji kwa Bi Mwanafatuma, mshonaji wa mabuibui. Wiki ya kwanza, Bi Mwanafatuma alirudi kutoka sokoni akaikuta cherehani yake imefunguliwa, skrubu zimepangwa juu ya sinia ya chai.

"Mwanangu, umeletwa hapa kushona au kuvunja?"

"Shikamoo, Bi. Ilikuwa ikikata uzi. Nataka kujua ina nini."

"Na ukishajua?"

"Nitaifunga."

"Na isipofungika, mabuibui ya watu nitayashona kwa meno?"

Ilifungika, wala haikukata uzi tena. Tangu siku hiyo Bi Mwanafatuma alimwita stadi, na mgeni akiuliza stadi wa nini, alijibu, "Mpe kitu kilichokushinda, kisha urudi jioni."

Kuanzia mwaka 1979 marehemu aliajiriwa kwenye chumba cha kufulia katika hoteli moja ya Diani. Alishona mapazia. Mashine ya kufulia ikigoma, aliitwa yeye. Mwoka mikate akiugua, aliitwa yeye. Wakubwa wa kazi walimpa jina la mtu wa akiba, na akiba haipandishwi cheo. Mwaka 1988 aliondoka kwa hiari yake, akarudi Kikoneni. Alijenga nyumba hii mliyoketi mbele yake, akiyapanga matofali kwa mkono wake mwenyewe. Aliezeka makuti. Alitengeneza pampu za maji za vijiji vya upande wa Msambweni, na wenye mashua wa Funzi walimletea maturubai yao ayashone. Kwaya ya kanisa la hapa Kikoneni ilijifunza sauti ya tatu kwake. Alifuga nyuki pia, ingawa jirani mmoja anaomba hilo lisitajwe.

Watu walimwita kwa majina mengi. Vijana wa Ukunda walimwita Mama Kila Kitu, wakicheka. Wengine walimwita kibarua. Siku moja Bwana Boga, muuza mbao wa Ukunda, alimwona akichagua misumari huku kanda ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, akamtania, "Mama, mshika mbili moja humponyoka." Marehemu aliitazama mikono yake, huu na huu, akasema, "Basi mbona nilipewa miwili?" Akachukua misumari yake akaenda kuezeka.

Lugha yetu haikosi maneno kwa mtu wa namna hii. Tunayo hodari, mahiri, mjuzi, stadi. Mwanamume akijua kazi tatu hupewa moja ya maneno hayo, na watu husimama anapopita. Mwanamke akizijua saba huambiwa anashikashika. Familia hailikubali neno hilo, na haitalizika pamoja naye.

Marehemu alifunga ndoa na Joseph Mulinge, mpishi, tarehe 12 Desemba 1981 katika kanisa letu la Ukunda. Gauni alilishona mwenyewe. Ibada ilipoanza, benchi la upande wa wazazi lilivunjika mguu, naye akaomba nyundo kabla ya kula kiapo. Bwana arusi alisubiri. Baadaye Mulinge alipenda kusema, "Wenzangu walioa mke. Mimi nilioa mtaa mzima wa mafundi." Walijaliwa watoto wawili, Kavenya na Muange. Mulinge alitangulia mbele za haki mwaka 2015, na marehemu ndiye aliyelitengeneza jeneza lake.

Mwezi wa Agosti 2023 alipatwa na kiharusi, na mkono wake wa kulia ukalala. Bwana Boga alikuja kumwona, akawa akiukwepa mkono huo kwa macho. Marehemu ndiye aliyemtoa aibu. "Ulinionya," alimwambia. "Sasa nashika moja moja." Alijifunza kushona vifungo kwa mkono wa kushoto. Mwezi wa Aprili mwaka huu alikuwa bado anakaa kwenye kiti karibu na pampu, akimwelekeza Hafswa, binti wa Bi Mwanafatuma, kaza hapa, legeza pale. Alifariki tarehe 2 Juni 2025 katika hospitali ya Msambweni, baada ya kiharusi cha pili.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, mdogo wake wa kiume anayewasomea maneno haya, na Hafswa, aliyemwita mama.

Ameacha pia wafanyakazi wenzake, na sasa ni zamu yao. Aliyewahi kumshikia uzi, kumchanganyia saruji, kumpokelea makuti juu ya paa, kuvuta naye bomba kutoka kisimani au kuimba kando yake, tunamwomba asimame. Ratiba yetu haina salamu nyingine kwa niaba yao. Wao ndio watakaolibeba jeneza. Mzee Munee, mwenyekiti wetu, alimshikia ngazi siku nzima marehemu alipokuwa akiliezeka jiko la mzee huyo. Naye tumemhesabu. Mkono wa mbele wa jeneza, upande wa kulia, ni nafasi yake.

Mungu ampe Jerusa pumziko jema. Na kama huko aliko upo mlango unaolia, amruhusu kwanza autazame.