Hatubebi Mpaka Mashine Iseme

Mvua ilipopumzika kidogo, kijiwe cha Kheri pale Katumba Songwe kikajaa. Kheri, ambaye babu yake alitoka pwani, alimimina kahawa huku akitoa kashata kwenye kopo refu la plastiki lenye mistari ubavuni. Katikati ya benchi alikaa Eliud na kompyuta mapajani, amechoshwa na wazee wa kijiwe tangu asubuhi. Mpunga wa mama yake, uliokwisha kukatwa, ulikuwa umerundikwa bondeni ukingoni mwa mto Songwe, na peke yake hakuuweza. Wazee hawa walikubali kumsaidia kuuhamisha, ila kwa sharti: kwanza iseme mashine ya marehemu baba yake mdogo, mwalimu Yakobo. Mwalimu aliandika kwa Basic, lugha ya zamani ya kompyuta, programu ya kutabiri mafuriko, na haikuwahi kuwadanganya. Kompyuta yake ilikufa, ikabaki flashi. Ndiyo sababu Eliud alikuwa anahangaika na kompaila mpya, ile inayogeuza maandishi ya Basic yawe programu ya kuwashwa.

— Imefika wapi? akauliza mzee Hezroni, anayeitwa Injinia kwa sababu aliwahi kulinda greda.

— Imeshuka yote, baba. Sasa kompyuta inakataa kuifungua, inahisi ni kirusi.

— Imetoka nchi gani? akadakia Sylvester. Huyu ndiye Forodha. Kazi yake kuvusha mizigo ya watu mpakani Kasumulu.

— Mtandaoni.

— Basi haina karatasi! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lazima izuiwe.

— Mjomba, methali hiyo haihusiki hapa.

— Ni baridi tu, akasema Injinia. Greda letu lilikuwa haliwaki mpaka liwashiwe moto chini. Kheri, sogeza jiko.

Eliud akaikumbatia kompyuta. Akairuhusu kompaila, akaifungua, akaingiza flashi. Maandishi ya mwalimu yakajaa kwenye kioo.

— Hapo! Injinia akanyoosha kidole. Pameandikwa PRINT. Bila printa utakesha.

— PRINT ni kuandika hapa hapa kwenye kioo, baba.

— Mficha uchi hazai. Sema huna printa, tukaazime.

— Printa si tatizo, akasema Forodha. Bando umenunua wapi? Simu yako hapa inashika mnara wa Malawi. Hiyo kompaila imeingilia ng'ambo, itatabiri maji ya upande wao. Wao watahama, sisi tutalala!

— Kweli kabisa, akasema Injinia. Na marehemu hakuombwa ruhusa. Mtu uguse mashine yake bila hodi?

— Jamani! Eliud akapiga benchi. Tungekuwa tumeshabeba nusu! Mama amelima mwaka mzima, ninyi mnanizungumzia greda!

— Usikasirike, mwana, akasema Injinia. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini hatubebi mpaka mashine iseme.

Eliud akabonyeza. Kompaila ikafikiri, ikafikiri, halafu kikafunguka kidirisha cheusi. Vichwa vyote vikainama. Yakatokea maneno ya mwalimu, kwa herufi kubwa:

MVUA YA JUZI ILIKUWA MILIMITA NGAPI?

— Ndaga, Yakobo, akanong'ona Injinia, akimshukuru kwa Kinyakyusa. Mjibu, Eliud.

— Nimjibu nini? Nani alipima?

— Mwenyewe alikuwa anajuaje? akauliza Injinia.

— Alikuwa na kopo lake, akasema Forodha. Kwenye nguzo, nyuma ya shule. Kila asubuhi analisoma kabla ya chai.

— Na sasa liko wapi? akauliza Eliud.

Kheri alikuwa anatoa kashata. Mkono wake ukabaki ndani ya kopo. Kwenye ile mistari ya ubavuni, namba zilikuwa bado zinasomeka.

— Mliniletea wenyewe, akasema taratibu. Mlisema linakaa bure.

Hakuna aliyenyanyua macho. Kialama kikaendelea kupepesa baada ya ile alama ya kuuliza, kikisubiri. Eliud alijaa hasira mpaka akashindwa kuamua aanze na nani. Akafunga kompyuta, akamkabidhi Kheri, akakunja suruali na kushika njia ya bondeni. Matone yakaanza tena kwenye bati.

— Kheri, akasema Forodha, ongeza kahawa.

— Imeisha.

Injinia akafunua birika, akachungulia mwenyewe. Akalifunika, akasimama, akajifuta magoti.

— Sasa tumekaa hapa tunasubiri nini? Twendeni tukabebe mpunga.